Kutoka Santuri Hadi Bando: Muziki Unavyosikilizwa Nyumbani

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ya His Master's Voice. Nyumbani Unguja taarab ilikuwa shughuli ya usiku. Mwimbaji alipoona ubeti umewaingia watu aliurudia, wapigaji nao wakamfuata, na hakuna aliyeangalia saa. Mbele ya mashine ya kurekodi mambo yalikuwa mengine. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba takribani dakika 3 kila upande. Wimbo uliozidi hapo ulipunguzwa beti au ulimaliziwa upande wa pili.

Kipimo hicho cha dakika 3 kiliingia mpaka sebuleni. Mwenye gramafoni alilijaza kwa mkono, akabadilisha sindano ya chuma iliyokwisha kuwa butu, akaishusha taratibu juu ya santuri, na baada ya muda mfupi akainuka tena kugeuza. Hakuna aliyeweza kuuwasha muziki kisha akaenda zake jikoni. Waliokuja kusikiliza walikaa wakasikiliza, na kwa kuwa santuri za nyumba moja zilikuwa chache, zilirudiwa hata watoto wakazijua beti zote kwa moyo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue chombo gani cha muziki, simjibu kwa jina la mashine. Namwambia kwanza ajiulize mambo matatu. Muziki utakwenda kwa muda gani kabla ya mtu kulazimika kuinuka? Nani kati ya waliomo nyumbani atakuwa na uwezo wa kuchagua? Na umeme ukikatika au bando likiisha, wimbo uko wapi? Kila chombo kilichoingia majumbani kwetu kimeleta majibu yake, na majibu hayo ndiyo yaliyoamua tusikilize pamoja au kila mtu peke yake.

Santuri ndogo ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ilitoka Marekani mwaka 1949, na kuanzia miaka ya 1960 ikawa ndiyo santuri ya muziki wa dansi Afrika Mashariki na Kongo. Bendi zilijifunza kuupanga wimbo kwa pande mbili: upande wa kwanza waimbaji na ujumbe wao, upande wa pili magitaa na chemko. Wimbo ulikatika katikati, mtu akainuka kugeuza, na hapo nyumba nzima ikawa na la kuamua, kama warudie maneno au waende kwenye kucheza. Santuri ndefu, iliyokuwepo tangu 1948, ilibeba dakika 20 na ushei kila upande. Bila nafasi hiyo, wimbo kama Mario wa Franco na TPOK Jazz, uliotoka mwaka 1985 ukiwa na urefu wa dakika zipatazo 14, ungelazimika kukatwa.

Kama bado mna santuri nyumbani, tambueni kwanza ni za aina gani. Zile nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani ya udongo, nyingi zimetengenezwa kwa laki. Msizisafishe kwa spiriti hata kidogo, kwa sababu spiriti huyeyusha laki na kuufuta wimbo. Zifuteni kwa kitambaa laini na kikavu. Mifuo yake pia ni mipana kuliko ya santuri za plastiki, hivyo zinahitaji sindano yake. Na santuri ya plastiki isipigwe kabisa kwenye gramafoni la kujaza kwa mkono: sindano ile ya chuma ni nzito mno na huikwangua.

Redio ya familia na kaseti ya mtu

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Santuri za bendi zake zilifyatuliwa Nairobi, na nyimbo nyingi sana zilirekodiwa kwenye mikanda katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zikabaki kuwa nyimbo za redioni tu. Aliyezitaka alizisubiri. Redio ilimnyima msikilizaji uwezo wa kuchagua, lakini ikampa kitu ambacho leo tunakikosa: watu wengi, katika nyumba nyingi, wakisikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja na kuuzungumzia kesho yake.

Kaseti ikaja kuwapa watu uwezo wa kuchagua. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na ilipofika kwetu ikiwa ndani ya redio kaseti, kila nyumba ikawa na studio yake. Ulikaa karibu na redio, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe cha kurekodia, ukiomba mtangazaji asiongee juu ya wimbo. Kaseti ya dakika 60 ilitoa nusu saa kila upande bila mtu kuinuka. Kwa mara ya kwanza mama aliweza kupika, kufua au kumsuka binti yake huku muziki ukiendelea, na mpangilio wa nyimbo ukiwa ni wake mwenyewe. Taarab nayo ikapata nafasi ya kujinyoosha. Nyimbo zenye beti nyingi zilienea Pwani nzima bila kukatwa, kwa kaseti zilizouzwa katika maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ilileta dakika 74 za muziki bila kugeuza na kitufe cha kuruka wimbo. Kitufe hicho kilibadilisha mambo kuliko usafi wa sauti uliosifiwa sana. Wakati wa kaseti, wimbo usioupenda uliuvumilia kwa sababu kupeleka mkanda mbele kulikuwa na usumbufu wake, na mara nyingi wimbo huohuo ndio uliokuja kuupenda baadaye. Kama mnazo CD mlizochoma wenyewe, zihamisheni mapema, kwani jua na joto huziharibu haraka. Mnapozifuta, futeni kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzunguka. Tunzeni zaidi upande wenye maandishi: tabaka linaloshika muziki liko chini kidogo tu ya maandishi hayo, na mkwaruzo wa upande huo hautengenezeki.

Flashi, sabufa na simu

Muziki wa MP3 wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu MB 1 kwa kila dakika. Fanya hesabu: flashi ndogo ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 130 za muziki. Fundi wa mtaani anakujazia, unaichomeka kwenye sabufa, na muziki haukomi kuanzia asubuhi hadi usiku. Hakuna anayeinuka. Lakini pia hakuna anayejua kilichomo, wala jina la aliyeimba, wala mtunzi, wala mwaka. Muziki unageuka kelele ya nyumba, tunaongea juu yake, na sauti inapoongezwa nasi tunaongeza zetu. Hili linaniuma, kwa sababu nyimbo zilizomo humo ni za watu waliopima kila neno.

Dawa yake ni rahisi. Msiache flashi ijazwe ovyo. Tengenezeni mafolda machache, kila moja likiwa na albamu moja nzima au nyimbo za jambo moja: za asubuhi, za wageni, za babu na bibi. Mwanzoni mwa jina la kila wimbo wekeni namba, 01, 02, 03, kisha zinakilini kwa mpangilio huo, kwa sababu sabufa nyingi za bei nafuu hufuata mpangilio wa kunakili au wa majina. Flashi ikiwa haisomeki kwenye sabufa, mara nyingi si mbovu. Ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32, baada ya kuhamishia kilichomo kwenye kompyuta.

Simu imejibu yale maswali matatu kwa namna ya peke yake. Muziki hauna mwisho, anayechagua ni mtu mmoja, na wimbo wenyewe uko mbali, kwenye mitambo ya kampuni. Hata utunzi umefuata. Spotify, kwa mfano, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa zikishapita sekunde 30, kwa hiyo mtunzi ana sababu ya kukimbilia kiitikio, wakati taarab ya asili ilikuwa na bashraf nzima ya ala kabla ya mwimbaji kufungua kinywa.

Kwa upande wa gharama, saa moja ya muziki wa kilobiti 128 hula takribani MB 58 za bando, na wa kilobiti 320 hula MB 144. Kuutazama wimbo huohuo kwa video hula zaidi ya hapo. Kama ni sauti tu mnayoitaka, tumieni programu za muziki badala ya video, na wimbo mnaourudia kila siku upakueni mara moja. Nyimbo ambazo familia haiwezi kuzikosa zinunueni kama mafaili yenu wenyewe pale inapowezekana, kwa sababu wimbo unaosikilizwa kwa usajili unaweza kuondolewa wakati wowote, na usajili ukikatika nyimbo zote huondoka nao.

Kuna pia suala la masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75. Kipimo cha nyumbani ni hiki: ukiwa umevaa hedifoni na mtu aliye umbali wa mkono mmoja anaongea kawaida nawe humsikii, punguza. Na angalau siku chache kwa wiki simu zote ziwekwe kando, muziki upigwe kwenye spika moja, na zamu ya kuchagua izunguke kuanzia bibi hadi mjukuu. Watoto hujifunza kusikiliza kwa kumwona mtu mwingine akisikiliza.

Kaseti zilizomo kabatini

Nimeiweka mwisho kazi ya kuhamishia kaseti kwenye kompyuta kwa sababu ndiyo inayodai haraka. Nyimbo za bendi kubwa huenda zina nakala kwingine. Lakini kaseti ya harusi ya shangazi, maulidi ya mtaani, kwaya ya kigango, au sauti ya babu akisimulia ukoo, mara nyingi ni nakala pekee duniani. Mkanda wake una upana usiofika hata milimita 4, na unga wa sumaku ulioshika sauti hiyo unazeeka kwa joto, unyevu na vumbi.

Anzeni kwa kuvunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili asitokee wa kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Pelekeni mkanda mbele hadi mwisho na kuurudisha, mara moja, kabla ya kuucheza, kwa sababu uliokaa miaka mingi huwa umegandamana. Kama unakwama, uzungusheni kwa kalamu, msiulazimishe kwa mashine. Safisheni hedi ya redio kaseti kwa pamba yenye spiriti na kuiacha ikauke. Sauti ikitoka nzito na ya kujivuta, tatizo huwa ni belti ya mpira iliyolegea ndani ya mashine; fundi wa redio hubadilisha.

Kisha unganisheni tundu la hedifoni la redio na kompyuta kwa waya. Kompyuta nyingi ndogo hupokea upande mmoja tu wa sauti kupitia tundu la maikrofoni, kwa hiyo kifaa kidogo cha sauti cha USB chenye njia ya kuingizia sauti za pande zote mbili kinafaa zaidi. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodini kwa faili la WAV, na mhakikishe mshale wa sauti haugusi wekundu, kwani sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki. Kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90 kamili kuhamisha, wala hakuna njia nzuri ya mkato, na faili lake litafika karibu MB 950. Tengenezeni MP3 kutokana na hilo WAV kwa ajili ya kutumiana kwenye simu, lakini WAV lenyewe msilifute.

Lipeni faili jina linaloeleweka: nani anasikika, wapi, mwaka gani, tukio gani, upande A au B. Pigeni picha maandishi ya kwenye karatasi ya kaseti na kuihifadhi pamoja na faili. Muulizeni sasa mzee anayezitambua sauti hizo, naye akiwa anasikiliza, na majina anayoyataja yaandikwe papo hapo. Nakala moja ikae kwenye diski ya nje nyumbani, ya pili kwa ndugu wa mji mwingine. Flashi pekee isitegemewe. Kila mwaka fungueni mafaili mhakikishe bado yanacheza, na kaseti zenyewe zirudishwe kwenye makasha yake, zisimamishwe wima, mahali pakavu, mbali na dirisha na mbali na spika za sabufa, maana ndani yake kuna sumaku.