Hesabu ya Ubingwa: Flamengo ya Brazil, 1919 hadi 2019 si kitu, ila mwaka mmoja tu wa 2019



Wengi hushangilia bingwa wa ligi bila kujua jinsi ubingwa unavyohesabiwa. Leo nitaeleza jambo hilo kwa mfano wa Flamengo, klabu ya mji wa Rio de Janeiro, iliyoshinda ligi ya Brazil mwaka 2019. Shikeni kalamu na karatasi.

Ligi ile ina timu 20. Kila timu hucheza na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini. Basi kila moja ina michezo 38. Kushinda ni pointi 3, sare ni pointi 1, na anayeshindwa hapati kitu.

Flamengo hawakuanza vizuri. Baada ya michezo 9 walikuwa na pointi 17, na Palmeiras wa São Paulo walikuwa na 25. Kisha ligi ikasimama kupisha mashindano ya mataifa ya Amerika ya Kusini, na Flamengo wakapata mwalimu mpya kutoka Ureno, Jorge Jesus. Huyu aliwazoeza wachezaji kusogea mbele wote pamoja, na wakipoteza mpira wautafute papo hapo, wasirudi nyuma kungoja. Mwezi wa Agosti walifungwa na Bahia mabao 3 kwa 0. Tangu hapo walicheza michezo 24 ya ligi bila kushindwa. Mwaka ule Gabriel Barbosa alifunga mabao 25 katika ligi, na mwenziwe Bruno Henrique 21.

Sasa tazameni hesabu. Tarehe 23 Novemba Flamengo walikuwa Lima, nchini Peru, wakigombea kombe la Libertadores, la klabu bora za bara lile. River Plate ya Argentina iliongoza kwa bao 1 mpaka dakika ya 89. Ndipo Gabriel alipofunga mabao mawili, moja baada ya jingine, wakatwaa kombe. Kesho yake, huku Rio ikifurika watu waliokuja kuwapokea, Palmeiras walifungwa na Grêmio. Flamengo walikuwa na pointi 81, Palmeiras 68, na michezo 4 ilikuwa imebaki. Zidisha 4 kwa 3, upate 12. Ongeza 68, upate 80. Themanini haifiki 81. Hivyo Flamengo walipata ubingwa siku ambayo hawakucheza.

Mwishoni walikuwa wameshinda michezo 28, sare 6, na kushindwa 4: jumla pointi 90. Santos, wa pili, walipata 74, ingawa siku ya mwisho waliwafunga mabingwa mabao 4 kwa 0.

Lakini somo halijaisha. Tarehe 8 Februari mwaka ule ule, kabla ya mapambazuko, moto uliwaka katika bweni la vijana wa Flamengo, lililotengenezwa kwa makontena. Vijana 10 walikufa. Walikuwa na miaka 14 mpaka 16, rika lenu hasa, nao walikuwa wameacha makwao ili wajifunze mpira. Halmashauri ya mji ilieleza kwamba katika ramani mahali pale palikuwa pa kuegesha magari, si pa kulala watu. Kombe lilipoletwa Rio, baadhi ya wazazi walikuwa bado hawajapatana na klabu juu ya fidia.

Mimi nasifu mchezo wa timu ile, na pointi zake 90 ni halali. Walakini klabu inayowachukua watoto wa watu imechukua amana, na amana hailipwi kwa makombe.

Maswali
1. Kama Palmeiras wangaliwashinda Grêmio, wangaliweza kufikia pointi ngapi? Je, Flamengo wangalikuwa mabingwa siku ile?
2. Onyesha jinsi Flamengo walivyopata pointi 90.
3. Shule au klabu inayolaza vijana ina wajibu gani kwao? Andika insha fupi.