Chungu Hupasuliwa na Maji

Chota mchanga wa mtoni, uloweshe, uufinyange kikombe. Ukikauka, kinamomonyoka. Sasa chukua udongo wa mfinyanzi wa ukingo wa mto huohuo ufanye vilevile: kikombe kinasimama. Vyote viwili vimetoka kwenye mwamba. Kwa nini kimoja kinashika umbo na kingine hakishiki?

Tuanze na mwamba wenyewe. Graniti ina madini yanayoitwa feldspa. Maji ya mvua huyeyusha kaboni dayoksaidi na kuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo, kwa maelfu ya miaka, huigeuza feldspa kuwa madini mapya kama kaolinaiti. Punje ya mchanga ni kijiwe. Chembe ya kaolinaiti ni bapa, na kwa kawaida upana wake haufiki milimita 0.002. Maji yakipenya kati ya chembe bapa, hulainisha na kugandisha kwa wakati mmoja. Bana vioo viwili vilivyolowa: vinateleza vizuri, lakini kuvibandua ni kazi. Ndiyo maana udongo hukubali kusukumwa, kisha ukabaki pale ulipoachwa.

Basi ukitaka kuuelewa ufinyanzi, fuata maji.

Udongo wa kuchimba mwenyewe hauji safi. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi, chimba chini yake, kisha uanike hadi ukauke kabisa kabla ya kuuloweka. Wengi hulikimbiza jambo hili, wakaloweka madonge mabichi na kukesha wakiyaponda. Donge kavu hunyonya maji kwa kasi, hewa iliyomo inasukumwa nje, nalo linasambaratika lenyewe. Koroga, acha mchanga uzame, mimina uji wa juu kwenye chombo kingine ukiuchuja kwa kitambaa chepesi. Uji huo ukitulia na kupungua maji, kanda.

Kisha upime. Viringisha kamba nene kama penseli uizungushe kidoleni. Ikipasuka-pasuka, mchanga umezidi. Dondoshea siki kwenye kipande kikavu: kikitoa povu, kina chokaa. Chembe za chokaa zikichomwa sana hunyonya unyevu baadaye, zikavimba, na chungu kilichotoka motoni kizima kinabanduka vipande siku kadhaa mbele.

Sasa udongo unakauka. Maji yaliyokuwa kati ya chembe yanaondoka, chembe zinasogeleana, chombo kinasinyaa. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande kibichi. Kikikauka, mara nyingi utakuta umepungua kwa nusu sentimita hadi sentimita nzima. Kusinyaa si tatizo. Tatizo ni mdomo kusinyaa leo na kitako kesho, kwa hiyo chungu huanikwa kivulini, mbali na upepo. Dawa nyingine ni kuchanganya mchanga au vigae vilivyosagwa: punje hizo hazisinyai, na hufungua njia za maji kutoka. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, lakini gae lenyewe halitupwi.

Chungu kikavu bado kina maji, na hapa ndipo moto unapodai subira. Wafinyanzi wengi wa vijijini, wakiwemo wanawake wa Kikisi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, huchoma bila tanuri, kuni na nyasi zikiwa zimezunguka vyungu. Unyevu uliosalia ukifika nyuzi 100 za Selisiasi hugeuka mvuke wenye ujazo wa zaidi ya mara 1,600, na ukikosa pa kutokea hulipuka na ukuta. Watu hulaumu kipovu cha hewa. Hewa inasingiziwa, mkosaji ni maji, na tiba yake ni kupasha vyungu polepole kabla moto haujakolea.

Kati ya nyuzi 450 na 600 linatokea jambo kubwa zaidi. Ndani ya kaolinaiti yenyewe, asilimia 14 hivi ya uzito wake ni maji yaliyofungwa katika muundo wa fuwele. Moto huyafukuza, muundo unavunjika, na chembe zinashikamana upya. Tumbukiza kipande kikavu kisichochomwa ndani ya maji: kinarudi tope. Kilichochomwa vizuri hakirudi, hata kikikaa majini miaka.

Moto wa wazi hufika nyuzi 600 hadi 900, hautoshi kuziba vitundu vyote ukutani. Huo si upungufu. Vitundu na punje za mchanga huuzuia ufa mdogo usisambae chungu kinapokaa mekoni. Kwenye mtungi, maji hupenya taratibu hadi nje, yanageuka mvuke na kuchukua joto la yaliyobaki ndani. Kwa hiyo mtungi wako wa maji usiupake rangi ya mafuta kwa nje: utapendeza, ila maji yatakuwa vuguvugu.