Maji ya Dunia Hayapungui, Basi Nyumbani Tunaokoa Nini?

Mtoto aliyekwisha kufundishwa mzunguko wa maji ana haki ya kutuuliza swali gumu. Amechora kwenye daftari lake jua, bahari, mawingu na mvua. Ameelezwa kwamba maji ya dunia ni yaleyale, yanapanda kama mvuke na kushuka kama mvua, na kiasi chake karibu hakibadiliki. Jioni anafungua bomba apige mswaki, analiacha linatiririka, na anakemewa kwamba anapoteza maji. Yanapotelea wapi? Wazazi wengi tunamjibu kwa kuongeza ukali. Lakini swali lake ni la kisayansi kabisa, na naamini somo la kutunza maji linapaswa kuanza nalo, kwa sababu mtoto anayekatazwa bila kuelewa hufunga bomba tukiwa tunamtazama tu.

Jibu linapatikana jikoni. Mpe glasi mbili za maji safi, yaani kama nusu lita, aonje. Kisha mwambie atie kijiko cha chumvi, akoroge, aonje tena. Kazi hiyo haikufika dakika moja. Sasa mwambie aitoe ile chumvi.

Mwache ahangaike. Atajaribu chujio la chai, kisha kitambaa, kisha atayaacha maji yatulie akitumaini chumvi itazama chini kama mchanga. Haitazama. Chumvi ikiyeyuka humeguka kuwa chembe ndogo mno, na chembe hizo hupita kila tundu la kitambaa ambalo maji hupita. Kwa vyombo vya jikoni njia iliyobaki ni moja: badala ya kuitoa chumvi kwenye maji, tuyatoe maji kwenye chumvi. Hapo mtu mzima ashike kazi. Maji yawekwe kwenye sufuria na kuchemshwa, na mfuniko ushikiliwe juu ya mvuke kwa muda, kisha uachwe upoe kabisa. Matone yaliyojikusanya upande wa ndani wa mfuniko, mtoto akiyaonja, hayana chumvi.

Mhesabie muda. Maji yatachemka mapema, lakini ukiyaacha yapungue kwa mvuke, utasubiri sana, na si lazima ufike mwisho ndipo aelewe. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 315. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260 zaidi, yaani mara saba hivi. Sababu ni kwamba molekuli za maji zinavutana kwa nguvu, na ili moja iruke juu kama mvuke lazima itenganishwe na jirani zake wote. Ili kuuona ukubwa wa nishati hiyo, fikiria kwamba kunyanyua lita moja ya maji mita moja juu kunahitaji juli 10 tu. Kwa nishati inayogeuza lita moja kuwa mvuke, ungeweza kuinyanyua lita hiyo zaidi ya kilomita 200 kwenda juu.

Sasa mtoto anaweza kujijibu mwenyewe. Kinachopotea ni usafi wa maji, na mahali yalipo. Maji yaliyopita kwenye bomba na kuingia mtaroni bado yapo duniani, lakini yamechanganyika, na kuchanganya ni rahisi mno kuliko kuchambua. Kazi ya kuyachambua hufanywa na jua juu ya bahari kila siku bila kutudai chochote, ila jua halipangi kazi yake kwa kufuata mahitaji ya nyumba yetu. Mvua itanyesha wakati wake na mahali pake.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jambo hili kwa vitendo. Bahari ya Hindi iko mlangoni, visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na jiji linategemea zaidi Mto Ruvu, ambao maji yake hutoka Milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, kina cha Ruvu kikashuka, na mgao ukatangazwa. Maji ya dunia hayakuwa yamepungua. Yaliyopungua ni yale yaliyokuwa safi, karibu, na kwa wakati unaofaa. Ukitaka mtoto auone uwiano huo, weka mbele yake dumu la lita 20 na umwambie kwamba ndilo maji yote ya dunia. Maji yasiyo na chumvi ndani ya dumu hilo ni nusu lita. Na katika nusu lita hiyo, theluthi mbili hivi ni barafu iliyoko ncha za dunia na juu ya milima.

Baada ya hapo, mpe kazi ya kupima. Kama kuna koki inayodondosha nyumbani, aweke kikombe chini yake kwa saa moja, apime kilichopatikana, azidishe kwa 24. Tuseme amepata robo lita. Hiyo ni lita 6 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 180, madumu tisa kamili. Aliyewahi kubeba dumu moja kutoka kisimani, kilo 20 kichwani, haelezwi mara mbili. Mara nyingi kasoro yenyewe ni mpira uliochakaa ndani ya koki, na mtoto aliyefanya hesabu ndiye atakayekukumbusha kuununua.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kusuuza, kwa sababu hapo maarifa ya mama zetu yana hesabu ndani yake. Tuseme nguo zimefuliwa na kukamuliwa, na bado zimeshika lita moja ya maji ya sabuni. Una lita 9 za kusuuzia. Ukizimimina zote kwa mkupuo, beseni litakuwa na lita 10, na sabuni itasambaa humo sawasawa. Ukikamua tena, nguo zitabaki na lita moja, kwa hiyo zitabaki na sehemu moja ya kumi ya sabuni yake.

Sasa zigawe lita hizo 9 mara tatu, tatu tatu. Maji ya kwanza yanafanya lita 4 kwenye beseni. Ukikamua, inabaki robo ya sabuni. Maji ya pili yanaacha robo ya hiyo robo, yaani moja ya kumi na sita. Maji ya tatu yanaacha moja ya sitini na nne. Kiasi cha maji ni kilekile, na nguo ni safi zaidi ya mara sita. Tena ukikamua kwa nguvu zaidi tangu kabla ya kusuuza, nguo zikabaki kila mara na nusu lita badala ya lita nzima, baada ya maji ya tatu inabaki sehemu moja tu kati ya 343. Mkono unaokamua vizuri unaokoa maji kuliko bomba lililo wazi.

Mtoto asiamini kwa sababu umesema. Chukua vikombe viwili, weka kijiko kimoja cha chai ya rangi iliyokolea katika kila kimoja. Cha kwanza aongeze vijiko tisa vya maji, akoroge, amwage hadi kibaki kijiko kimoja. Cha pili aongeze vijiko vitatu, akoroge, amwage vilevile, na kurudia hadi mara tatu. Mwishoni amimine vyote viwili kwenye sahani nyeupe. Rangi itamjibu. Baada ya hapo atasuuza vyombo kwa namna nyingine kabisa, na ataelewa kwa nini maji ya tatu, yaliyo karibu safi, yanafaa kuwa maji ya kwanza ya nguo zinazofuata, kisha ya kupiga deki.

Kuna mahali pasipofaa kubana, na mtoto lazima aambiwe waziwazi: maji ya kunywa na ya kunawa mikono. Nimesikitika kuona watoto waliosifiwa kwa kuokoa maji wakitoka chooni na kwenda kula bila kunawa. Hata hapo sayansi inatusaidia. Sabuni na kusugua ndivyo vinavyong'oa mafuta na vijidudu kwenye ngozi, nayo maji huja kuvibeba. Ndiyo maana bomba lifungwe wakati wa kusugua, na ndiyo maana kibuyu chirizi, dumu dogo linaloinamishwa kwa kamba inayovutwa kwa mguu, hunawisha vizuri kwa maji machache.

Kwenye choo cha kuvuta kuna nafasi zaidi ya kubana. Jaza chupa ya lita moja na nusu maji, ifunge, na umwache mtoto aitumbukize kwenye tangi la choo, mbali na sehemu zinazocheza. Chupa imeshika nafasi, kwa hiyo tangi hujaa likiwa na maji pungufu kwa kiasi hichohicho. Nyumba inayovuta mara 20 kwa siku inabakiwa na lita 30. Mtoto aandike kwa wiki moja ni mara ngapi watu wamelazimika kuvuta mara mbili. Kama ni nyingi, chupa hiyo ni kubwa mno kwa choo hicho. Aitoe, ajaribu ya nusu lita, apime upya.