SOMO LA WIKI: VISIMA VYA ISAKA NA MTO WETU

Andiko: Mwanzo 26:12-33

Wiki hii soma sura hii polepole.

Isaka alipanda Gerari akavuna mara mia. Wafilisti wakamwonea wivu. Shamba lake hawakulichoma, bali visima vilivyochimbwa wakati wa babake walivijaza udongo. Walijua ukiua maji umeua mali. Isaka akahama, akachimba tena. Kisima kimoja kikaleta ugomvi, akakiita Eseki. Cha pili, uadui: Sitna. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Haya si ya kale tu. Januari 2005, kule Mai Mahiu, wakulima na wafugaji walipigana kwa sababu ya maji ya mto Ewaso Kedong. Wafugaji walilalamika kwamba maji yamechepushwa huko juu kunywesha mashamba. Watu zaidi ya kumi walikufa, na wengi wakakimbia makwao.

Lakini simnyooshei mtu kidole. Miaka iliyopita nililima sukuma na nyanya kando ya mto wetu. Kiangazi kilipokaza, nilikuwa nawasha pampu usiku watu wakilala. Jumapili natoa fungu la kumi, na huko chini akina mama wanachota matope. Siku moja mama mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani akaniambia, "Ndugu, jana tumeomba mvua pamoja, na maji yangu yalikuwa kwako." Nilikosa jibu.

Tulikaa chini, wa juu na wa chini, tukaandika zamu: siku za pampu na siku za kupumzisha mto. Baadaye tukaunda chama cha watumiaji maji, vile sheria inaruhusu. Kusema ukweli, ilibidi nipunguze shamba nusu eka. Lakini siku hizi silali nje na panga nikilinda paipu isikatwe.

Tujifunze mambo matatu:

1. Isaka alichimba. Maombi yaende na jembe. Paa la mita 5 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 20, hushusha hadi lita 1,000. Je, gata zako ziko wapi?

2. Isaka alikuwa na bonde lingine la kwenda. Sisi mto ni mmoja. Kwa hivyo Rehobothi yetu ni mapatano, na mapatano yana gharama.

3. Abimeleki aliyemfukuza ndiye aliyekuja kutafuta amani. Wakala, wakanywa, wakaapiana. Siku ileile watumishi wakaleta habari kwamba maji yamepatikana.

Swali la wiki: Ni nani aliye chini yako mtoni, au nyuma yako kwenye foleni ya mfereji wa ploti? Ukishateka, anabakiwa na nini?

Tuombe: Bwana, tupe maji, na utupe moyo wa kuyagawa. Amina.