Niache chuo nikautafute ushairi?

Mpendwa Z.K. wa Dar es Salaam,

Barua yako nimeisoma, na mashairi uliyoambatanisha pia. Uko mwaka wa pili, unasomea Kiswahili, na unasema darasa linakukausha: mchana unahesabu mizani, usiku kalamu haisogei. Unataka kuaga chuo, ushike njia ya Tanga, Mombasa hadi Lamu, ukakae na malenga. Mama hajaambiwa. Kiu yako naielewa, mwanangu, wala si ya kuionea aibu.

Unachokitafuta

Ni kweli safari humkuza mshairi. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, kazi ikamhamisha kituo hadi kituo. Haji Gora Haji wa Tumbatu aliijua bahari kwa kuifanyia kazi, miaka mingi kabla ya diwani yake *Kimbunga*. Lakini tazama: wote wawili walitunga huku wana shughuli mkononi. Naye Kezilahabi, aliyevunja vina na mizani katika *Kichomi* (1974), alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alizijua vyema sheria alizoziacha.

Njia iliyopo

Kuacha chuo sikushauri. Kuahirisha mwaka huhitaji sababu nzito, kama ugonjwa au msiba. Wewe una likizo ndefu, itumie. Anza na Tanga, mji mmoja tu, ukae. Kabla hujaondoka soma *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Kaluta Amri Abedi, ili malenga wa huko akitaja ukwapi na utao usimkodolee macho. Ukifika piga hodi, toa shikamoo, keti barazani usikilize. Tungo zako zisubiri mpaka uulizwe. Simu usiiwashe kurekodi bila ruhusa. Utungo wa mtu ni mali yake. Ila ukiruhusiwa, rekodi: mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalidumu vinywani mwa watu, diwani yake ikachapishwa 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Yapo mengine leo ambayo hayajaandikwa popote, na wenyewe wanazeeka.

Hapa sikubembelezi

Unasema bumu la muhula huu litatosha nauli. Usithubutu! Fedha hiyo ni mkopo, na utadaiwa hata usipohitimu. Ukikosa mitihani utadisko, urudi nyumbani na deni bila cheti. Na huyo mama uliyeandika kwamba anaamkia sokoni kwa ajili yako, atayasikia kwa majirani. Mtembezi hula miguu yake. Wewe ukiondoka kimyakimya utakula na ya mama.

Mpigie wiki hii. Mwambie unatunga, na kwamba likizo unaomba kwenda Tanga; mtajie utakakofikia na utakaporudi. Kisha msomee lile shairi la kivuko cha Kigamboni, ndilo bora kuliko yote uliyonitumia. Ila ubeti wa pili urekebishe kwanza, mshororo wa tatu umepungukiwa mizani.