Anza na Maji, Mwalimu, Lipu Itasubiri

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi karibu na Rulenge, wilayani Ngara. Nyumba yangu ni ya tofali mbichi na bati. Fundi alichukua nusu ya fedha za lipu akahamia Biharamulo, na simu hapokei. Nikaamua kupiga lipu mwenyewe kwa saruji, nikichanganya mfuko mzima asubuhi na kuuongezea maji mchana. Masika haya lipu yote ya upande wa mlimani imebanduka. Juu ya dirisha la chumba cha watoto kumetokea ufa. Mama watoto alisema tangu mwanzo tushughulikie paa, sasa kila jioni ni maneno. Majirani wananicheka. Je, nibomoe, au niachane kabisa na kazi za mafundi?*

Mwalimu, usibomoe. Nyumba yako imeloa, na maji yakiondolewa itakauka.

Lakini nianzie ndani. Mama watoto alikuambia paa kwanza, na alisema kweli. Mwambie hivyo leo, bila kuongeza "lakini". Kazi iliyo mbele yenu inataka watu wawili wanaosikilizana, na yeye ameonyesha kwamba analiona tatizo linapoanzia.

Tofali mbichi ni udongo. Likinywa maji huvimba, likikauka husinyaa. Saruji haifuatani nalo, kwa hiyo kila mvua inayopita hulegeza mshikano wa viwili hivyo kidogo. Isitoshe, saruji huzuia ukuta usipumue: unyevu ulioingia kwa chini au kwa juu hukwama nyuma ya lipu, udongo unalainika, na siku moja lipu inashuka. Okota kipande kilichoanguka ukigeuze. Kikiwa kimebeba tabaka la udongo mgongoni, basi mkono wako haukukosea sana. Ukuta wenyewe ndio ulioachia.

Sasa tafuta maji yanakotoka. Umesema ni upande wa mlimani, na nyumba nyingi za Ngara zimechongewa uwanja kwenye mteremko, udongo wa juu ukiegemea ukuta au kukaribia kuugusa. Uondoe udongo huo. Chimba mtaro nyuma ya nyumba, uupe mwinamo wa kupeleka maji pembeni na kuyatoa mbali. Kama mmepanda migomba hadi ukutani, kama wengi tufanyavyo, isogezeni angalau mita moja pamoja na matandazo yake, kwa maana matandazo hutunza unyevu na kukaribisha mchwa. Kisha panda juu ukaangalie bati. Misumari iliyolegea ing'olewe, iwekwe mipya yenye mpira. Bati zikiishia karibu na ukuta, ziongezwe zichomoze kama sentimita 60, au ufunge gata. Ukipata mawe, jenga kibaraza chembamba kuzunguka ukuta, kiinamie nje, ili matone ya paa yasirushe tope ukutani.

Kazi hizo hazina sifa. Mgeni akija hatausifia mtaro. Ndiyo sababu wengi tunakimbilia lipu na rangi, kisha tunalipia lipu ileile mara ya pili. Mwalimu, una Juni, Julai na Agosti, miezi mikavu kabla mvua hazijarudi Septemba. Mwezi wa kwanza uwe wa maji tu.

Ukuta ukishakauka, gonga lipu iliyobaki kwa mpini wa nyundo. Inapolia kama debe tupu, ibandue. Kwa ukuta wako mimi ningepiga lipu ya udongo. Najua majirani watasema umerudi nyuma. Waache. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha kwa miaka mingi matofali ya kufungamana ambayo sehemu yake kubwa ni udongo, saruji ikiwa kidogo tu. Udongo haujawahi kuwa aibu kwa anayeujua. Uujue wa kwako: tia kiasi kwenye chupa angavu, jaza maji, tikisa, iache hadi kesho. Mchanga utatua chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, lipu itapasuka. Kwa hiyo changanya majaribio matatu, udongo ndoo moja kwa mchanga ndoo moja, mbili, na tatu, pamoja na nyasi zilizokatwakatwa. Paka kila moja mahali padogo ukutani, ngoja ikauke, kisha chagua isiyopasuka wala kupukutika. Futa vumbi, nyunyizia ukuta maji, ndipo upake.

Saruji itunze kwa ajili ya kibaraza na sakafu. Hapo sehemu moja kwa mchanga safi sehemu tano inatosha kwa lipu ya kumalizia, na changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Ulichoandika kuhusu kuchanganya mfuko mzima asubuhi na kuuongezea maji mchana kinaeleza mengi. Saruji iliyokwisha kuanza kushika hairudishiwi nguvu kwa maji. Ukishamaliza, imwagilie kwa siku saba.

Ufa ndio unaonitia wasiwasi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu 17 mkoani kwetu Kagera, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za tofali zisizofungwa vizuri. Gundisha ukanda wa karatasi katikati ya ufa, andika tarehe. Karatasi ikichanika, ukuta unatembea. Watoto walale chumba kingine, na umwite fundi mwenye uzoefu aangalie linta na msingi. Ufa ukiwa umekwenda mshazari kutoka kona ya dirisha na kidole kinaingia, usisubiri karatasi. Hiyo si kazi ya kujifunzia, kama ambavyo waya za umeme si za kujifunzia. Hizo ni za fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kuhusu fundi huyo mpya: vifaa nunua wewe, malipo yafuate hatua iliyokamilika, na makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku anapofanya kazi kaa naye, umshikie kamba na pima maji, uulize kila kitu. Aliyekwenda Biharamulo mfungulie madai ukiwa na risiti au shahidi. Ukikosa vyote viwili, fedha hiyo isikucheleweshe. Kiangazi ni kifupi.