Mzee Kitereza na Riwaya Iliyosubiri Miaka Thelathini na Mitano

Tukiulizwa tutaje waandishi wa riwaya, sote twakimbilia majina yale yale: Shaaban Robert, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Ken Walibora. Ni haki yao. Lakini katika makala haya ningependa tumtazame mzee mmoja asiyetajwa sana upande huu wetu, naye ni Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, nchini Tanzania. Nimemchagua kwa sababu ya mjadala uliozuka chamani: je, mtu aliyekwisha kuzeeka anaweza kushika kalamu? Wengine walisema ati uandishi ni wa vijana, mzee na akae barazani anywe kahawa yake. Mimi sikukubali, na leo naleta ushahidi.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisomea shule ya misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, ambako alijifunza hata Kilatini. Hakuwa padri. Alioa, akafanya kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara Mwitaliano, baadaye akarudi kufanya kazi misheni. Padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, alimtia moyo aandike mambo ya kale ya Wakerewe. Badala ya kuandika orodha ya mila, Kitereza aliandika riwaya, tena kwa Kikerewe, lugha ya kwao. Aliimaliza mwaka 1945, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Riwaya ile haikuchapishwa. Lugha ya kisiwa kimoja, nani angeweka pesa zake hapo? Ikakaa. Vita vikaisha, uhuru ukaja, mwandishi akazeeka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, wakavutiwa na kazi ile. Mzee naye akaketi, akaiandika upya yote kwa Kiswahili. Hebu fikirini, jamani. Sisi tukiambiwa tunakili upya insha ya kurasa mbili twanung'unika darasa zima. Huyu alikuwa amepita miaka sabini, maungo yanamuuma kwa baridi yabisi, na kitabu chenyewe si cha kumalizwa wikendi moja, ni kinene kweli kweli.

Kwa maoni yangu, Kitereza aliianza kazi ya mwandishi mara mbili. Mara ya kwanza aliwaandikia watu wa kwao ili wasisahau. Mara ya pili, uzeeni, aliwaandikia watu asiowajua, yaani mimi na wewe.

Kitabu chenyewe chaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Jina refu, lakini limekusanya familia nzima: baba, mama, mwana wa kiume na binti. Mambo yake ni ya zamani, kabla Wazungu hawajafika. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, na wazazi wa Bugonoka wakisikia hayo wanakuja kumchukua binti yao. Mume anabaki nyumbani peke yake, na kazi ambazo hakuzoea kuzifanya zinamlemea. Hapo nilicheka sana, maana kuna wanaume hata hapa Mombasa ambao wakiachwa siku mbili tu, jiko huwa geni kwao. Basi Myombekere anaona hana budi ila kwenda ukweni kuomba radhi. Wakwe nao hawamrudishii mke hivi hivi: wanamtoza pombe ya ndizi.

Na hapo ndipo msomaji mwenye haraka hushindwa. Mwandishi haruki kitu. Pombe inavyotengenezwa, watu wanavyoamkiana, wanavyolima, wanavyouguza mgonjwa, yote yamo. Mwanzoni unaweza kuuliza, kisa kiko wapi? Kumbe maisha yale ya kila siku ndiyo kisa. Kiswahili chake pia si hiki chetu cha Kimvita. Ni Kiswahili cha mtu wa bara anayepima kila neno, na mimi nakipenda hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine lililonigusa. Katika riwaya, mke na mume wanatafuta dawa kwa mganga na hatimaye wanajaliwa watoto wawili. Kitereza mwenyewe na mkewe Anna walizika watoto wao wangali wadogo, na walizeeka bila mtoto. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya kuandika. Lakini ukishajua hilo, masimango anayopata Bugonoka huyasomi tena kwa wepesi.

Mnaweza kuniuliza, haya ya Ukerewe yatuhusu nini sisi wa Buxton? Nyanya yangu aliishi katika zile nyumba za zamani za Buxton ambazo zilianza kubomolewa mwaka 2021, na sasa pamesimama maghorofa. Yeye akumbuka nani alikaa nyumba gani, harusi ilipigwa ngoma uwanja upi, nani alimwazima nani mbuzi ya nazi na hakuirudisha. Nimeanza kuyaandika katika daftari langu. Hakuna mahali pengine nilipoyaona yameandikwa.

Nikirudi kwenye mjadala wetu, Kitereza si peke yake. Tippu Tip, akiisha kustaafu safari za bara na kutulia Unguja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905. (Biashara yake ya watumwa siitetei hata kidogo.) Na hapa hapa Mombasa, Mzee Hyder Kindy, aliyewahi kuwa mudiri, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1972, ingawa kwa Kiingereza.

Riwaya ya Kitereza ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla ya kuishika nakala mkononi. Mwaka 2002 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe, naye alirudi kwenye maneno ya Kikerewe yenyewe, yale ya 1945.

Kwa mkutano ujao naomba kila mwanachama aje na majibu ya maswali mawili. Kitereza alipohamia Kiswahili, Kikerewe kilipata au kilipoteza? Na wewe unayeongea Kigiryama, Kitaita, Kikamba au Kibajuni nyumbani, mambo ya nyanya yako ungeyaandika kwa lugha ipi?